Taa ya Upepo wa Tairi: Mfumo wa ABS, Sensa za Ndani, Sensa za Kofia au Geji ya Mkononi?

Taa ya upepo ikishawaka kwenye dashibodi, ujue tairi lilianza kupungua zamani. Kiwango cha usalama cha Marekani, FMVSS namba 138, kinamtaka mtengenezaji aiwashe taa hiyo tairi likishashuka asilimia 25 chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya gari. Stika ikisema PSI 32 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo), taa ina ruhusa ya kukaa kimya mpaka PSI 24. Ulaya wamebana kidogo, wao wanataka asilimia 20. Kati ya 32 na 24 hapo katikati kuna safari nyingi: tairi linakula pembeni, mafuta yanakwenda zaidi, breki zinachelewa kushika, kuta za tairi zinapata joto kwa kujikunja na kujikunjua, na dashibodi imetulia kana kwamba hakuna neno.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mfumo upi ni bora, jiulize unataka ukufanyie nini. Kukushtua ukipata pancha ukiwa mwendoni ni kazi moja. Kukuweka kwenye kipimo sahihi wiki hadi wiki ni kazi nyingine kabisa, na mifumo mingi inayokuja na magari haikuundwa kwa hiyo ya pili. Njia ziko nne: mfumo unaotegemea ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge), sensa zilizofungwa ndani ya rimu, sensa za kofia zinazozungushwa juu ya valvu, na geji ya mkononi. Mbili za kwanza kwa kawaida hukuzichagua wewe, zilikuja na gari. Kinachobaki mikononi mwako ni kuzitunza, kuzifufua zikifa, au kuziacha na kuweka kitu kingine.

Gari lako lina upi?

Porsche 959 ya mwaka 1986 hutajwa kuwa gari dogo la kwanza kutoka kiwandani na mfumo wa kuangalia upepo. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilibaki anasa. Kilichobadilisha mambo ni matairi ya Firestone yaliyokuwa yakibanduka kwenye magari ya Ford Explorer, magari yakapinduka na watu wakafa. Mwaka 2000 matairi yakarudishwa kwa mamilioni, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya TREAD iliyodai kila gari jipya liwe na onyo la upepo. Kuanzia Septemba 2007 magari yote mapya mepesi yaliyouzwa huko yalikuwa nalo. Ulaya ikafuata kwa magari yote mapya madogo ya abiria kuanzia Novemba 2014, China kuanzia 2020.

Ndiyo maana mwaka wa gari peke yake haukwambii kitu. Gari la muundo uleule, rangi ileile, lililotengenezwa kwa ajili ya soko lisilo na sharti hilo, linaweza kuwa halina chochote. Angalia gari lenyewe. Dashibodi ikionyesha tarakimu za kila gurudumu, una sensa za ndani. Valvu ya chuma iliyokazwa kwa nati kwenye rimu ni dalili nzuri pia, ingawa ziko sensa zilizofungwa kwenye valvu za raba. Ukikuta kitufe cha SET, au menyu ya kuweka upya matairi, na hakuna tarakimu popote, yaelekea ni mfumo wa ABS. Magari mengi ya Volkswagen, Audi na Mazda yako upande huu wa ABS. Toyota na Nissan nyingi hutumia sensa. Usiifanye kuwa kanuni, maana hubadilika kwa soko na kwa toleo. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Mfumo wa ABS: hauna cha kuharibika, ila hausemi kitu

Tairi lililopungua upepo hukaa chini kidogo, kwa hiyo kwa umbali uleule linalazimika kuzunguka mara nyingi kuliko wenzake, kama mtoto anayetembea na mtu mzima: hatua fupi, hatua nyingi. ABS tayari ina sensa ya mwendo kwenye kila gurudumu. Kompyuta ya gari inachofanya ni kulinganisha mizunguko hiyo tu. Tofauti yenyewe ni ndogo, mara nyingi haifiki asilimia moja, na ndiyo sababu mfumo huu hauwezi kukurupuka. Unataka kwanza uendeshe kidogo ndipo ujiridhishe.

Uzuri wake ni kwamba ndani ya gurudumu hamna kitu. Hakuna betri ya kufa, hakuna kifaa cha kuvunjwa na fundi, na unabadili rimu na matairi upendavyo. Udhaifu wa matoleo ya zamani ni kwamba matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, hakuna tofauti ya kuona. Na hivyo ndivyo matairi mazima yanavyopungua: karibu PSI 1 kwa mwezi, yote, polepole, bila pancha. Matoleo mapya zaidi, kama yale yanayotengenezwa na NIRA Dynamics ya Sweden, yanasikiliza pia mtetemo wa kila tairi, kwa sababu mtetemo hubadilika upepo ukipungua. Kwa njia hiyo kila gurudumu linahukumiwa peke yake. Kanuni ya Ulaya ilipokuja iliweka dakika 10 za mwendo kugundua pancha ya tairi moja, na dakika 60 kugundua upungufu wa matairi yote kwa pamoja. Soma tena hizo dakika 60.

Gari likiwa limesimama, mfumo huu haujui lolote. Tairi likikesha likivuja, asubuhi utaondoka nalo.

Mahali watu wanapouharibu ni kwenye kitufe cha SET. Kitufe hicho hakipimi upepo. Kinaiambia kompyuta, "hali hii ya sasa ndiyo sahihi, ikariri." Dereva aliyechoshwa na taa akikibonyeza huku tairi liko PSI 24, basi 24 ndiyo imekuwa kipimo, na taa itazima kwa amani mpaka tairi lishuke tena kutoka hapo. Utaratibu ni mmoja: jaza matairi yote yakiwa ya baridi mpaka kipimo cha stika, ndipo ubonyeze, kisha uendeshe kawaida ili mfumo ujifunze. Fanya hivyo kila ukijaza upepo, ukihamisha matairi mbele na nyuma, au ukibadili hata tairi moja.

Taa za uongo zipo. Tairi jipya moja kati ya matatu yaliyochakaa lina mzingo mkubwa zaidi, na mfumo utalalamika. Barabara ya kokoto, theluji, mzigo mzito upande mmoja, vyote vinaweza kuuchanganya. Na ukiona taa ya ABS imewaka pamoja na ya upepo, usianze na matairi. Rekebisha ABS, maana zote mbili zinatumia sensa zilezile.

Sensa za ndani: zinasema kweli, ila zina umri

Hapa kila rimu ina kifaa kidogo nyuma ya valvu chenye kipima upepo, kipima joto, betri ya lithiamu na redio. Gari likisimama kinalala ili kutunza betri. Likianza kukimbia kinaamka na kutuma habari kwa kompyuta. Redio hiyo kwa kawaida hutumia masafa ya MHz 315 kwa magari ya soko la Marekani Kaskazini, na MHz 433 kwa ya Ulaya na nchi nyingine nyingi. Tofauti hii ndogo imewapotezea watu pesa. Gari linalosikiliza 315 ukilifungia sensa za 433, sensa ni nzima, gari ni zima, lakini havisikilizani. Kabla hujanunua sensa, jua kwanza gari lako lilitengenezwa kwa soko lipi.

Faida yake ni tarakimu. Unaona gurudumu gani limeshuka na limeshuka kiasi gani, unaona likipanda kwa joto la safari, na pancha inayovuja taratibu unaigundua kabla ya taa. Baadhi ya magari ya Nissan hupiga honi unapojaza upepo na kipimo kikifika, jambo ambalo ABS haiwezi kulifanya kamwe. Lakini si kila gari lenye sensa linaonyesha tarakimu. Magari mengi ya miaka ya mwanzo yana sensa nzuri ndani na taa moja tu nje. Data yote ipo, dereva hapewi.

Sasa utunzaji, na hapa ndipo mfumo huu unapodai haki yake.

Betri imefungwa ndani ya plastiki ngumu na haikukusudiwa kubadilishwa. Hudumu miaka 5 hadi 10, kutegemea mwendo na joto. Kwa kuwa zote nne zilizaliwa siku moja, hufa kwa kupokezana ndani ya muda mfupi. Sensa ya kwanza ikifa gari likiwa na miaka minane, binafsi ningesubiri siku ya kubadili matairi niweke zote nne, kuliko kuvua tairi moja moja mara nne na kulipa kazi mara nne. Utajuaje imekufa? Taa inamweka, yaani inawaka na kuzima mfululizo, kwa dakika moja hadi moja na nusu unapowasha gari, halafu inabaki imewaka. Kumweka maana yake mfumo unaumwa. Kuwaka moja kwa moja bila kumweka maana yake tairi limepungua. Madereva wengi hawatofautishi, wanaenda kujaza upepo tairi ambalo halina shida, na kumbe lenye shida gari limeacha kulisikia.

Kwa fundi wa matairi, sema mapema kwamba rimu zina sensa. Angalia kinachotokea kwenye mashine: bapa la kubandua tairi kwenye rimu linakuja na nguvu kubwa, na sensa imekaa pale pale nyuma ya valvu. Fundi anayejua huzungusha gurudumu valvu iwe mbali na bapa, na anaporudisha tairi huchunga ukingo wake usipite juu ya sensa ukiwa umevutwa. Asiyejua huanza popote. Utasikia mlio mdogo mkavu wa plastiki, na baada ya kilomita kadhaa taa inaanza kumweka.

Tairi likivuliwa, raba ya kuzibia, nati, kofia na kile kisindano cha ndani ya valvu vibadilishwe. Huuzwa pamoja kama seti na ni vitu vidogo. Raba kuukuu ikikazwa upya huvuja. Kisindano kiwe cha aina iliyopakwa nikeli, kwa sababu shaba tupu ikigusana na valvu ya alumini kwenye unyevu huliwa na kutu mpaka vishikane. Kofia za plastiki ndizo salama. Zile za shaba zinazong'aa zikigandana na valvu, utakapozilazimisha valvu itakatika, na imekatika pamoja na sensa. Nati nayo haitaki ubabe: nyingi hukazwa kwa Nyutoni-mita 4 hadi 8 tu.

Dawa ya pancha inayomiminwa ndani inaweza kuziba tundu la sensa. Ziko zilizotengenezwa zisidhuru, na ukilazimika kutumia yoyote njiani, mwambie fundi aisafishe sensa tairi likifunguliwa.

Baada ya kubadili au kuhamisha magurudumu, gari linahitaji kutambulishwa upya kwa sensa zake. Baadhi ya magari hujifunza yenyewe ukiendesha. Mengine yanataka fundi apite gurudumu hadi gurudumu na kifaa kinachoiamsha sensa kwa ishara ya kHz 125, kwa mpangilio maalumu. Mengine yanataka namba za sensa ziandikwe kupitia soketi ya uchunguzi wa gari. Ukitumia sensa za kuprogramu, fundi anaweza kunakili namba ya sensa ya zamani kwenye mpya, na gari lisijue kwamba kuna kilichobadilika. Ukiruka hatua hii, dashibodi itakuonyesha tairi la mbele kulia kumbe lililoshuka ni la nyuma kushoto.

Sensa za kofia: za kununua mwenyewe

Hizi ni za mwenye gari lisilo na kitu, au ambaye sensa za ndani zimemfia na hataki gharama ya kuzirudisha. Unavua kofia ya valvu, unazungusha sensa mahali pake, unabandika skrini ndogo kwenye dashibodi, mara nyingi ya nguvu za jua, au unatumia programu ya simu. Kazi ya dakika chache, bila kuvua tairi. Betri ni ya kidonge, nyingi hutumia CR1632, na unaibadili mwenyewe.

Zina jambo moja zinalowashinda wakubwa wao: kikomo cha onyo unakiweka wewe. Mfumo wa kiwandani unasubiri 24. Hizi unaziambia zipige kelele kwenye 29. Kwangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuzifikiria hata kwenye gari lenye mfumo wake.

Hasara ziko kwenye valvu. Ili ipime, kofia inakandamiza kisindano na kukiacha wazi muda wote. Kinachozuia upepo sasa ni raba ndogo ndani ya kofia yenyewe. Ikiwa imekaa vibaya, kifaa ulichokifunga kikulinde na uvujaji kinakuwa ndicho chanzo cha uvujaji. Paka maji ya sabuni kila baada ya kufunga, uangalie povu kwa nusu dakika. Jambo la pili ni uzito. Kofia ya gramu 10 gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa huvutwa kwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu, na valvu ya raba iliyozeeka hujikunja kila safari mpaka inapasuka shinani. Ukiamua kuzitumia, weka valvu za chuma, au angalau za raba mpya. Tatu, ziko nje, kila mpita njia anaziona. Nati za kuzuia wizi zipo, lakini zinakuja na spana yake ndogo, na bila hiyo spana hujazi upepo. Ifunge pamoja na funguo au uiweke palipo na jeki.

Geji: isiyokaa kwenye dashibodi

Hakuna mfumo kati ya hiyo mitatu unaoifuta geji. ABS haina tarakimu, sensa za ndani zinaweza kutofautiana na geji nzuri kwa PSI 1 au 2, na tairi la spea halimo kwenye hesabu za magari mengi. Spea nyembamba za muda kwa kawaida hutaka PSI 60, na ukiipima ya gari ambalo halijawahi kupata pancha unaweza kucheka.

Geji ya kalamu haina betri na haisumbui, ila kusoma mistari yake gizani ni taabu. Ya saa inasomeka vizuri lakini ikianguka kwenye sakafu ngumu usiiamini tena. Ya dijiti ni rahisi zaidi, ukikumbuka betri. Ile iliyoning'inia kwenye kompresa ya kila mtu imeangushwa mara zisizo na idadi. Jazia hapo, pimia na yako.

Pima tairi likiwa la baridi, yaani gari limesimama kwa muda wa saa tatu au halijaenda zaidi ya kilomita mbili. Joto hubadilisha kila kitu: kila nyuzi 10 za Selsiasi ni kama PSI 1 na nusu. Tairi ulilolijaza 32 mchana wa nyuzi 35, alfajiri ya nyuzi 15 litasoma 29, na hakuna pancha. Hii ndiyo sababu taa nyingi huwaka asubuhi ya baridi na kuzima zenyewe saa tatu asubuhi, na mwenye gari anasema mfumo umeharibika. Haujaharibika. Umekwambia ulikuwa ukingoni tangu jana. Upande wa pili, usipunguze upepo wa tairi la moto kwa sababu geji inasema 36 baada ya safari ndefu. Likipoa utabaki chini. Kupanda mlima nako kuna mchezo wake: kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,500, joto likiwa lilelile, geji itapanda PSI 2 hivi bila mtu kuongeza kitu, kwa kuwa hewa ya nje imekuwa nyepesi.

Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva au nyuma ya kifuniko cha tangi. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, haijui limefungwa gari gani.

Zikiwekwa pamoja

| | Mfumo wa ABS | Sensa za ndani | Sensa za kofia | Geji |
|---|---|---|---|---|
| Hupima upepo wenyewe? | Hapana, hukisia kwa mzunguko | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Onyo ukiwa mwendoni | Ndiyo, kwa kuchelewa | Ndiyo, haraka zaidi | Ndiyo | Hapana |
| Gari likiwa limesimama | Haujui | Nyingi hulala | Hutegemea aina | Ndiyo |
| Kikomo cha onyo | Kiwanda | Kiwanda | Wewe | Wewe |
| Betri | Hakuna | Miaka 5 hadi 10, haibadilishwi | Ya kidonge, unabadili | Kwa ya dijiti tu |
| Ukibadili tairi | Bonyeza SET | Seti ya raba na kutambulisha upya | Fungua, funga, pima sabuni | Hakuna |
| Hatari yake kubwa | SET kwenye upepo mdogo | Kuvunjwa na fundi, betri kufa | Kuvuja, kuibwa | Kusahauliwa nyumbani |

Hakuna kati ya hizi itakayokuonya kabla ya tairi kupasuka ghafla kwa kugonga shimo. Zinaona upepo unaotoka, haziwezi kuona uzi wa tairi uliokatika ndani.

Basi uchague nini?

Gari lenye mfumo wa ABS unaofanya kazi: usiongeze kitu, nunua geji. Kwa pesa ya geji nzuri umelifuta karibu kila pengo la mfumo huo. Kuvua rimu ili uweke sensa za ndani kwenye gari ambalo kompyuta yake haikuumbwa kuzisikiliza ni kujitafutia kazi.

Gari lenye sensa za ndani ambazo zimeanza kufa linataka hesabu. Kama linaonyesha tarakimu za kila gurudumu na unakusudia kukaa nalo miaka mingine mitano, rudisha zote nne siku ya matairi mapya. Kama lina taa moja tu, unalipa seti nzima ya sensa ili upate onyo la kwenye PSI 24. Hapo mimi naona sensa za kofia zenye kikomo chako mwenyewe zinakupa zaidi kwa kidogo, mradi ukubali taa ya kiwandani kubaki imewaka, na mradi ukaguzi wa magari wa nchi uliyopo hauikatai. Kwenye nchi zenye ukaguzi unaoangalia taa hiyo, swali limeshajibiwa: rudisha za ndani.

Gari lisilo na kitu kabisa, la safari fupi za mjini: geji mara moja kwa mwezi yatosha, na jicho la asubuhi kabla ya kuondoka. Likiwa la safari ndefu, au la kubeba mzigo, au linavuta tela, weka kofia. Tela hasa, kwa sababu tairi la tela likishuka upepo dereva hasikii chochote kwenye usukani. Hujua akiona moshi kwenye kioo.

Matairi yanayoweza kutembea bila upepo ni habari nyingine. Kuta zake ni ngumu kiasi kwamba likiisha upepo huoni kwa macho wala huhisi mkononi, na mengi yanaruhusiwa kilomita 80 tu kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Bila mfumo unaofanya kazi hujui hizo kilomita zilianza kuhesabiwa lini. Matairi haya na mfumo uliokufa havifai kukaa kwenye gari moja.

Mwenye seti mbili za rimu, za msimu wa baridi na za kiangazi, akiwa na ABS hana shida. Akiwa na sensa za ndani ama anunue seti ya pili na kunakili namba, ama azoee taa kumweka nusu mwaka. Wengi huchagua la pili, halafu wanashangaa kwa nini walipata pancha bila onyo.

Na anayenunua gari lililotumika, aikague taa hii kabla ya kutoa pesa. Weka switchi kwenye ON bila kuwasha injini. Alama ya tairi lenye alama ya mshangao inatakiwa iwake sekunde chache pamoja na taa nyingine, kisha izime. Ikimweka, mfumo una hitilafu, mara nyingi sensa iliyokufa, na hiyo ni hoja ya kupunguza bei. Kama gari linatakiwa kuwa na mfumo na alama haiwaki kabisa, huenda mtu ameizima makusudi, na inafaa ujue kwa nini kabla hujaangalia kitu kingine chochote chini ya boneti.